Mashahidi wa kona ya 38 na Chicago: mtaa ulisikia nini, jopo likasikia nini

Shahidi wa kwanza katika kesi ya Derek Chauvin, askari wa Marekani aliyeshtakiwa kwa kumuua George Floyd, hakuwa kwenye eneo la tukio. Alikuwa mpokea simu za dharura wa jiji la Minneapolis, yuko ofisini, na mbele yake kuna skrini ya kamera ya barabarani. Jioni ya Mei 25, 2020 aliona askari wamemlalia mtu ubavuni mwa gari la polisi. Akageukia kazi nyingine. Aliporudisha macho, wako vilevile. Akageuka tena, akarudi, vilevile. Aliieleza mahakama kwamba alidhani picha imeganda, akauliza kama skrini imegoma, akaambiwa hapana. Ndipo akampigia sajenti wa zamu, na akaanza kwa kujihami: unaweza kuniita mnoko ukitaka.

Simu hiyo ilichezwa mahakamani Machi 29, 2021, siku ya ufunguzi. Kwa watazamaji wengi ilikuwa kitu kipya kabisa, kwa sababu kwa miezi kumi walikuwa wameijua video moja tu, na sasa wanasikia kwamba hata ndani ya mfumo wenyewe kulikuwa na mtu aliyeona mambo si sawa na akaogopa kuonekana mchomaji.

Mwili wa kisa chenyewe ni mfupi. George Floyd, mwanamume mweusi wa miaka 46, aliingia duka la Cup Foods kwenye kona ya 38th Street na Chicago Avenue, akanunua sigara kwa noti ya dola 20 iliyoshukiwa kuwa bandia. Polisi wakaitwa. Akafungwa pingu mikono nyuma, akalazwa kifudifudi, na Chauvin, askari aliyekuwa na miaka 19 kazini, akamwekea goti shingoni kwa dakika 9 na sekunde 29. Taarifa ya kwanza ya polisi usiku ule ilisema mtu amefariki baada ya kupatwa na tatizo la kiafya katika tukio lililohusisha polisi. Goti halikutajwa. Kulipokucha watu walikuwa wameshaiona video ya Darnella Frazier, binti wa miaka 17 aliyekuwa akienda dukani hapo na binamu yake mdogo. Maandamano na moto uliofuata tunaukumbuka sote, mpaka Mathare, Nairobi, ambako Juni mwaka ule watu waliingia barabarani kulaani mauaji ya polisi wao wenyewe, ya kipindi cha amri ya kutotoka nje.

Nitakaa kwenye zile wiki tatu za Machi na Aprili 2021, mashahidi 45 walipopanda kizimbani mmoja baada ya mwingine, dunia ikiwatazama mubashara. Ukifuatilia walivyopokewa, unaona kesi mbili zimesikilizwa kwa wakati mmoja. Mtaa ulisikiliza moja. Jopo likasikiliza nyingine, na hukumu ikatoka kwenye hiyo.

Mambo mawili kuhusu utaratibu, kwa msomaji wa huku kwetu. La kwanza ni jopo. Sisi tumezoea jaji kuwa ndiye mwenye neno. Hata Tanzania, wazee wa baraza wanapoketi na jaji, maoni yao hayamfungi. Minnesota waamuzi walikuwa raia 12: weupe sita, weusi wanne, na wawili wa asili mchanganyiko. Ilibidi wakubaliane wote, na mpaka siku ya kuanza kujadiliana walikuwa wakirudi kulala makwao, wameamriwa tu wasitazame habari. La pili ni kamera. Jimbo hilo halikuwa na desturi ya kuonyesha kesi ya jinai kwenye televisheni. Jaji Peter Cahill aliruhusu kwa sababu ya korona: viti vilipunguzwa mno, familia ya Floyd ikapewa kiti kimoja na ya Chauvin kimoja. Waliopinga kamera ni upande wa mashtaka, wakihofia mashahidi watatishika. Utetezi ndio uliozitaka. Mtu akikumbuka jinsi kamera hizo zilivyokuja kumfaidia kila mtu isipokuwa mshtakiwa, hana budi kutabasamu kidogo.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya wapita njia.

Kulikuwa na mwanamume aliyejifunza mieleka na mapigano ya ulingoni, aliyeeleza kwa lugha ya mchezo wake jinsi kabali inavyokata damu isifike kichwani, na jinsi alivyoona Chauvin akisogeza mwili ili kukaza. Baada ya gari la wagonjwa kuondoka alipiga namba ya dharura. Alisema aliwaitia polisi polisi, kwa sababu aliamini ameshuhudia mauaji. Wakili wa utetezi, Eric Nelson, alimrudishia mahakamani matusi yote aliyomtukana Chauvin siku ile, moja baada ya jingine kwa hesabu. Jamaa alikiri kila tusi, kisha akasema huwezi kunichora kuwa mtu mwenye hasira.

Kulikuwa na mwanamke wa zimamoto aliyekuwa mapumzikoni, akitembea tu. Alijitambulisha, akaomba apime mapigo ya moyo, akakataliwa. Alilia akieleza kwamba alijua cha kufanya na hakuruhusiwa kukifanya. Kwenye maswali ya dodoso alibishana na Nelson mpaka jaji akamkemea baada ya jopo kutoka. Nelson alimuuliza kama watu waliokuwa pale walikuwa wamekasirika, naye akajibu kwamba sijui kama umewahi kuona mtu akiuawa, lakini inaumiza. Mitandaoni jibu hilo lilishangiliwa. Wanasheria waliokuwa wakichambua kwenye televisheni hawakufurahi hata kidogo: shahidi anayebishana humpa wakili wa upande wa pili kile hasa anachokitafuta.

Na kulikuwa na mzee wa miaka 61. Huyu ndiye aliyewamaliza watu. Alikiri kwamba alisimamisha gari lake kwa umbea tu, kutaka kujua kuna nini. Alikuwa anamsihi Floyd aingie ndani ya gari la polisi kwa sababu, alimwambia, huwezi kushinda. Walipocheza video na Floyd akasikika akimwita mama yake, mzee akainama, akalia kwa kwikwi hadi jaji akaahirisha kwa muda. Aliporudi kwenye pumzi zake alisema alijiona hana la kufanya, na kwamba na yeye hana mama, anamwelewa. Alieleza pia kitu ambacho hakikurudiwa sana kwenye habari, na mimi naona ndicho kizito zaidi. Siku tano kabla ya tukio alikutana na Chauvin mtaani akamwambia maneno ya mtu mzima: mwisho wa siku wewe urudi kwa familia yako salama, na mwenzako naye arudi kwa yake salama. Huyu hakuwa adui wa polisi. Alikuwa mtu wa mtaa anayejua namna ya kuongea na askari.

Keshia wa duka alikuwa na miaka 19. Utaratibu wa pale ulikuwa kwamba ukipokea noti bandia, inakatwa kwenye mshahara wako. Aliiona noti, akaitilia shaka, akataka kulipa yeye mwenyewe yaishe, kisha akabadili mawazo na kumwambia meneja. Kwenye picha za kamera anaonekana nje, mikono kichwani, anatembea huku na huku. Mwendesha mashtaka alipomuuliza alikuwa akihisi nini, alisema kutoamini, na hatia. Kama asingeipokea ile noti, haya yote yangeepukika.

Frazier naye alisikika sauti tu. Mashahidi wanne waliokuwa chini ya miaka 18 siku ya tukio hawakuonyeshwa sura. Alieleza kwamba alipoona kinachoendelea alimwingiza kwanza binamu yake wa miaka 9 dukani asione, kisha akarudi nje na simu. Halafu akasema kwamba zipo usiku alizokesha akimwomba George Floyd msamaha kwa kutofanya zaidi, kwa kutomwokoa. Akajikatisha mwenyewe: lakini suala si nilichopaswa kufanya mimi, ni alichopaswa kufanya yeye.

Hapo ndipo mtaa ulipogawanyika. Wengi, hasa Wamarekani weusi, walisema hawawezi kuendelea kutazama, wakazima televisheni. Wengine walihesabu machozi kama mabao: leo shahidi amelia, kesi imekwisha. Na likaibuka swali ambalo huibuka kila mahali, na hapa kwetu lisingekosekana: watu wote wale, kwa nini hawakumvuta tu yule askari?

Swali hilo nalichukia, na ushahidi wenyewe unalijibu. Mashahidi ndio waliokuwa wa kwanza kujiuliza. Keshia anajiuliza kwa nini alipokea noti, binti anajiuliza kwa nini hakuruka, mwanamke wa zimamoto anajiuliza kwa nini hakulazimisha. Mbele yao alikuwepo Tou Thao, askari mwenye silaha ambaye kazi yake dakika zile ilikuwa kuwazuia wasisogee. Anayeuliza kwa nini hawakumvuta anawataka raia wafanye kwa askari jambo ambalo lingewaletea kifungo au risasi, halafu anawahukumu kwa kutolifanya. Msomaji wa Kenya halihitaji somo hili. Anakumbuka Juni 2016, mwendesha bodaboda aliyethubutu kumshtaki askari alivyotoka mahakama ya Mavoko na wakili wake Willie Kimani na dereva teksi, na miili ya watu watatu ilivyookotwa mtoni. Mmoja wa maafisa wa polisi walioshtakiwa kwa hayo alikuja kuhukumiwa kifo Februari 2023. Kusema ulichoona juu ya askari kuna bei yake, na bei hiyo si sawa kila mahali.

Turudi Minneapolis. Nelson alikuwa amejenga sehemu ya utetezi wake juu ya umati: watu walikuwa wakiongezeka, wanapiga kelele, wanatisha, askari akalazimika kugawa akili kati ya mtu aliye chini na watu walio mbele yake. Hoja si ya kijinga. Hata mkufunzi wa huduma ya kwanza wa polisi wa jiji alikubali kwamba kelele za watu zinaweza kumvuruga askari anayemhudumia mtu. Lakini hoja hiyo ilihitaji umati usio na sura, na upande wa mashtaka ukatumia wiki nzima kuupa umati ule sura: keshia, mzee mmbea, mfanyakazi wa zimamoto, wanafunzi wa sekondari, mtoto wa miaka 9 ambaye siku ile alivaa fulana yenye neno la mapenzi kifuani. Baada ya hao wote kupita kizimbani, neno umati lilibaki kwenye mdomo wa Nelson peke yake. Kwa hiyo yale machozi, yaliyopokewa mtaani kama ndiyo kesi yenyewe, kazi yake ya kisheria ilikuwa ndogo na mahususi: kumnyang'anya mshtakiwa kisingizio.

Siku hizo hizo alipanda mpenzi wa Floyd, na mapokezi yake yalinishangaza. Walikutana mwaka 2017 kwenye makazi ya watu wasio na pa kulala, Floyd akiwa mlinzi hapo. Alimkuta ana majonzi akamwomba wasali pamoja. Kisha akaeleza, bila kuficha, kwamba wote wawili waliingia kwenye uraibu wa dawa za maumivu baada ya kuandikiwa kwa ajili ya maumivu ya kudumu. Upande wa mashtaka ulimwita wenyewe kabla utetezi haujaupeleka uraibu ule mahakamani kama kashfa. Kwa hesabu za kawaida huo ulikuwa mkosi. Ila Marekani ya leo ina familia chungu nzima zilizopitia njia hiyo, za kila rangi, na wengi waliosikiliza walisema hayo ni maisha yetu. Kashfa ikaisha makali kabla haijatolewa alani.

Kisha wakaja askari, na sauti ya mtaa ikabadilika.

Luteni Richard Zimmerman, aliyekuwa na miaka mingi kuliko wote katika jeshi hilo, kuanzia mwaka 1985, alisema nguvu ile haikuhitajika kabisa, na kwamba goti likiwa shingoni mwa mtu linaweza kumuua. Aprili 5 akapanda mkuu wa polisi mwenyewe, Medaria Arradondo. Alisema kitendo kile hakimo katika sera ya jeshi lake, hakimo katika mafunzo, na hakika hakimo katika maadili yao. Mila ya askari kutomchoma askari mwenzake inajulikana dunia nzima, na magazeti yalilipokea jambo hilo kama muujiza.

Weusi wengi wa Minneapolis hawakupiga makofi hivyo. Walikuwa na swali la maana kuliko la waandishi wa habari: je, huu ni ukweli umesemwa, au ni mtu mmoja anatolewa kafara ili jeshi libaki safi? Ukisema goti halikuwa katika mafunzo yetu, umemtia hatiani Chauvin na papo hapo umelisafisha jeshi. Nadhani yote mawili yalikuwa kweli. Arradondo, mkuu wa kwanza mweusi wa polisi wa jiji hilo, alikuwa mwaka 2007 miongoni mwa maafisa weusi walioishtaki idara hiyohiyo kwa ubaguzi; huwezi kumwita kibaraka. Lakini huyo huyo ndiye aliyekuwa bosi wa Chauvin. Jopo halikuhitaji kulitatua hilo. Lilichotakiwa kujua ni kama askari mwenye akili timamu angefanya vile, na mkubwa wake akajibu hapana.

Aprili 8 akapanda daktari Martin Tobin, mtaalamu wa mapafu kutoka Chicago, mzaliwa wa Ireland, anayezungumza taratibu kama mwalimu wa kijijini. Hakulipwa kwa ushahidi ule. Hakulia, wala hakumtukana mtu. Aliwaambia wajumbe wa jopo waweke vidole shingoni mwao wenyewe, waguse hapa, sasa washuke hapa, wasikie sehemu laini na sehemu ngumu. Wajumbe wakajishika shingo. Utetezi ukapinga, jaji akawaambia hawalazimiki kufanya hivyo, wengine wakaendelea. Aliwaonyesha kwenye video Floyd akisukuma lami kwa vidole vya mkono na kwa kifundo cha kidole, akieleza kwamba huo ni upande wa kifua unaojaribu kupanuka na hauwezi. Kisha akawaonyesha sekunde ambayo macho yana fahamu, na sekunde inayofuata ambayo hayana. Goti, alisema, lilibaki pale kwa dakika 3 na sekunde 2 baada ya oksijeni kwisha mwilini.

Mtaani siku hiyo ilionekana ya kitaalamu tu, iliyopoa. Wengine walilalamika kwamba mtu anahitajije profesa kuambiwa anachokiona kwa macho. Baada ya hukumu, mmoja wa wajumbe, namba 52, alijitokeza kuzungumza na vyombo vya habari. Shahidi aliyemtaja kuwa ndiye aliyeimaliza kesi ni Tobin.

Nina maelezo yangu ya jambo hilo. Mtu aliyekaa nyumbani tayari alikuwa na hukumu. Alichokuwa akitafuta ni mwenzake wa kuhuzunika naye, na wapita njia walimpa. Mjumbe wa jopo alikuwa na kazi nyingine. Mbele yake kuna karatasi ya mashtaka matatu: kuua daraja la pili pasipo kukusudia, kuua daraja la tatu, na kusababisha kifo kwa uzembe. Yote yanauliza kama kitendo cha huyu ndicho kilichosababisha kifo cha yule. Floyd alikuwa na moyo mgonjwa, na dawa za kulevya, fentanili na methamfetamini, kwenye damu. Video haikuambii kipi kiliua. Tobin aliwaambia.

Katikati ya ushahidi huu, Aprili 11, askari wa Brooklyn Center, mji wa jirani, alimpiga risasi na kumuua Daunte Wright, kijana mweusi wa miaka 20. Usiku kukawa na mabomu ya machozi na amri ya kutotoka nje. Mchana mashahidi wakaendelea. Nelson aliomba jopo lifungiwe hotelini. Jaji alikataa. Aprili 12 ndugu wa Floyd, Philonise, alipanda kueleza kaka yake alikuwa mtu wa namna gani: mikate ya ndizi na mayonizi aliyowatengenezea wadogo zake, urefu aliojipima ukutani kila mara akitamani kuongezeka, na alivyobaki amesimama kwenye jeneza la mama yao akimwita. Sheria ya Minnesota inaruhusu ushahidi wa aina hiyo, marehemu asibaki kuwa jina la kwenye jalada tu. Sipendi sana utaratibu huu, maana marehemu asiye na ndugu mwenye kujua kuongea naye ana haki ileile. Lakini nchi nzima ilimsikiliza kimya.

Sasa utetezi. Ulikuwa na mashahidi 7 dhidi ya 38, na wawili ndio waliowasha moto.

Wa kwanza, Barry Brodd, askari wa zamani wa California, alisema Chauvin alikuwa na haki, tena kumlaza mtu kifudifudi si hata matumizi ya nguvu. Katika kujibu alisema mtu anaweza kuwa amepumzika kwa raha pale barabarani. Watu walipagawa. Usiku wa kuamkia Aprili 17 nyumba moja huko Santa Rosa, aliyowahi kuishi Brodd, ilirushiwa kichwa cha nguruwe na kupakwa damu. Brodd alikuwa ameshahama zamani. Walioikuta damu ile ni watu wasiohusika na lolote. Huo ndio mfano mbaya kuliko yote wa kisa hiki, na nausema bila kumwonea huruma Brodd kwa ushahidi wake, uliokuwa dhaifu. Mwendesha mashtaka Steve Schleicher aliubomoa kwa maswali, kwa ustaarabu, na shahidi akaishia kukubali kwamba picha aliyoonyeshwa inaweza kuwa ni matumizi ya nguvu. Anayetaka mashahidi wa Floyd walindwe hawezi kumtupia shahidi wa Chauvin kichwa cha nguruwe. Ukianza kuwachagua wa kutishwa, keshokutwa keshia hatapanda kizimbani.

Wa pili alikuwa daktari David Fowler, aliyekuwa mkuu wa uchunguzi wa vifo wa jimbo la Maryland kuanzia 2002 hadi 2019. Alisema sababu ya kifo haiwezi kubainishwa: moyo, dawa, pengine na hewa ya sumu ya monoksidi ya kaboni kutoka kwenye ekzosi ya gari la polisi. Tobin akarudishwa kizimbani kwa dakika chache, akaeleza kwamba damu ya Floyd hospitalini ilikuwa imejaa oksijeni asilimia 98, kwa hiyo hiyo hewa isingeweza kuzidi asilimia 2. Kwa jopo, mjadala uliishia hapo. Aprili 20, baada ya kama saa 10 za majadiliano, walimtia Chauvin hatiani kwa mashtaka yote matatu. Juni 25 akafungwa miaka 22 na nusu.

Lakini ushahidi wa Fowler haukuishia mahakamani. Madaktari walioutazama hawakwenda na damu ya nguruwe. Zaidi ya 400 walitia saini barua kwa mwanasheria mkuu wa Maryland, kwa hoja rahisi: kama huyu ndivyo anavyofikiri kuhusu kifo ambacho dunia nzima imekiona, aliandika nini kwenye vifo ambavyo hakuna aliyevirekodi? Kulikuwa na sababu ya kuuliza. Mwaka 2018 kijana mweusi wa miaka 19 alikufa akiwa amegandamizwa chini na polisi katika mji mdogo wa jimbo hilo, na ofisi ya Fowler ikaandika kwamba ni ajali. Siku chache baada ya hukumu ya Chauvin, jimbo likatangaza litapitia upya mafaili.

Kazi ilichukua miaka minne. Wataalamu 12 kutoka nje walipewa mafaili 87 ya watu waliokufa wakizuiwa kwa nguvu, kila faili likisomwa na watatu, kila mmoja peke yake. Ripoti ilitoka Mei 2025. Katika vifo 36 ambavyo ofisi ya Fowler ilikuwa imeviandika ajali, maradhi au sababu isiyojulikana, wote watatu walisema mtu aliuawa na mtu. Katika vitano vingine, wawili kati ya watatu walisema hivyo. Ripoti ikaongeza kwamba ofisi hiyo ilikuwa nzito zaidi kuviita vifo mauaji pale marehemu alipokuwa mweusi, au aliyemzuia alipokuwa polisi, kwa kiwango kinachoonyesha upendeleo. Gavana Wes Moore akaunda kikosi kazi, na mafaili 41 yakarudi mezani kwa mwanasheria mkuu, Anthony Brown, yaangaliwe kama yapo ya kufunguliwa kesi.